Zamu hubadilishwa usiku na saa zimepunguzwa: sisi tunaopeleka vifurushi Kampala tushike wapi?

Pikipiki ya Seeta ameuliza:

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa watu wanaoifahamu kazi hii, au wanaofahamu sheria yake.

Ninapeleka vifurushi kwa pikipiki katika kampuni moja ambayo sitaitaja, yenye ghala upande wa Nakawa, na sasa nimefikisha mwaka mmoja na miezi minne. Nilipoanza nilitia sahihi karatasi ya kurasa mbili inayosema kwamba nitafanya kazi siku sita kwa wiki, saa nane kila siku, kuanzia saa moja asubuhi, na kwamba nitalipwa shilingi 2,500 kwa saa, kila Jumamosi, kwa njia ya simu. Pikipiki ni yangu, ila bado nadaiwa: kila Jumatatu napeleka shilingi 70,000 za mkopo. Mafuta kampuni hutoa siku ya zamu tu.

Mwanzoni ratiba ya wiki nzima ilibandikwa kwenye mlango wa ghala kila Ijumaa, na mtu aliweza kupanga mambo yake. Tangu baada ya Pasaka haibandikwi tena. Inaletwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia kazi, na mara nyingi inabadilishwa tena watu wakiwa wamelala. Wakati huohuo saa zenyewe zimepungua. Wiki iliyopita nilipata saa 27, yaani shilingi 67,500, fedha ambazo hata mkopo wa Jumatatu hazikuutosha, sembuse chakula na ada za muhula.

Nitoe mfano wa Jumanne. Nililala nikijua kwamba naingia saa moja. Ujumbe wa kunisogeza hadi saa tano uliingia saa sita na dakika arobaini usiku, nami niliuona nikiwa nimeshafika langoni, mvua ikiwa imenilowesha kuanzia Bweyogerere. Msimamizi akaniambia nisiende mbali kwa sababu lori lingeweza kuingia wakati wowote. Nikakaa chini ya turubai la mama anayeuza chai, ambaye kwenye saa tatu aliniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi. Saa tano ilipofika tukaambiwa mzigo ni mdogo, wanaotakiwa ni watatu tu, na mimi sikuwa miongoni mwao. Nikarudi Seeta kwa mafuta yangu mwenyewe bila kulipwa hata shilingi moja.

Maswali yangu ni haya. Je, kampuni ina haki ya kunipunguzia saa namna hiyo wakati karatasi inasema siku sita? Je, zile saa nne za chini ya turubai ni zangu au ni zao? Mwenzangu mmoja anasema sheria inatupa saa 48 kwa wiki, na kwamba tukienda kushtaki tutalipwa tofauti yote. Ni kweli?

Mzee wa Kireka amejibu:

Pole sana, kijana wangu. Mimi nimebeba vifurushi miaka tisa, tangu wakati ambapo tulikuwa tukielekezwa kwa mteja kwa kutajiwa mwembe na duka la rangi ya samawati, na hayo ya kuambiwa "usiende mbali" nayajua vizuri. Neno hilo ni la hila. Ukiambiwa nenda nyumbani, unaweza kubeba abiria wawili watatu na kurudi na chochote. Ukiambiwa ingia kazini, unalipwa. Ila ukiambiwa usiende mbali, umefungwa kamba ambayo huioni, na siku yako imekwisha bila mtu kuinunua.

Jambo la kwanza ninalokushauri ni daftari. Nunua lile dogo linaloingia mfuko wa shati, na kila siku uandike saa uliyoambiwa ufike, saa ujumbe ulipoingia, saa uliyofika, saa uliyopewa mzigo wa kwanza na saa uliyoachiwa. Usiutegemee ujumbe wa simu peke yake, kwa maana aliyeutuma anaweza kuufuta. Upige picha kabla haujafutwa. Nilipokuwa na mgogoro wangu wa malipo ya Desemba, ambapo tulifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki na kulipwa kama za kawaida, walioandika walisikilizwa, na waliokuja na kumbukumbu za kichwani waliambiwa wanakosea.

Jambo la pili, usiende peke yako. Anayelalamika peke yake ndiye ambaye jina lake litakosekana kwenye zamu za wiki inayofuata, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ni kisasi.

Karani Mstaafu amejibu:

Ndugu wa Seeta, nilishughulikia mishahara ya madereva kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na hilo la saa 48, kwa sababu limewapotosha wengi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja saa 48 kwa wiki kama kikomo cha kawaida cha kumfanyisha mtu kazi. Ni dari, si sakafu. Ikizidi hapo, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na ukifanya kazi siku ya sikukuu ya taifa unalipwa mara mbili. Mzee wa Kireka alikuwa na hoja ya sheria katika madai yake ya Desemba. Lakini sheria hiyo haisemi popote kwamba mwajiri lazima akupe saa 48. Ukienda kwa afisa wa kazi na hoja hiyo peke yake, utarudi mikono mitupu. Wala usitegemee kima cha chini cha mshahara, kwani kilichopo nchini ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984, ambacho leo hakinunui hata lita mbili za petroli.

Kinachokulinda wewe ni ile karatasi yako ya kurasa mbili. Watu wengi wanaoniandikia hawana hata hiyo. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, yakiwemo malipo na saa za kazi, ndani ya wiki 12 tangu aanze, na masharti hayo yakibadilika mabadiliko nayo yamfikie kwa maandishi. Yako yanasema siku sita na saa nane. Ukipewa saa 27, kampuni haijavunja kifungu cha saa 48, bali imevunja ahadi yake yenyewe, na madai yako yasimame hapo. Isome tena leo, neno kwa neno, hasa ukurasa wa pili, uone kama kuna mstari unaosema saa zinaweza kubadilika "kulingana na wingi wa kazi" au maneno ya namna hiyo. Mstari kama huo ukiwepo, hoja yako inapungua nguvu, ingawa haifi.

Wale wanaoitwa vibarua miaka nenda miaka rudi nao wajue kwamba Kanuni za Ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu kufanywa kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Kuhusu saa za chini ya turubai, maoni yangu ni haya. Ungepata ujumbe mapema ukaja saa moja kwa hiari yako, zingekuwa zako. Lakini ulifika kwa ratiba uliyokuwa umepewa, na msimamizi akakuzuia usiondoke kwa faida ya kampuni. Mtu aliyezuiwa na mwajiri wake yuko kazini, hata kama mikono yake imeshika kikombe cha chai. Sikuahidi kwamba afisa wa kazi atakubali, ila ndiyo hoja ningeipeleka, na ningempeleka yule mama wa chai awe shahidi iwapo atakubali.

Afisa wa kazi wa Kampala yuko chini ya Mamlaka ya Jiji, KCCA, na kila wilaya inatakiwa kuwa na wake. Kwanza atajaribu kuwapatanisha. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama ya Viwanda. Kabla ya kufika huko, andika barua ya heshima kwa kampuni, uhakikishe wanapiga muhuri kwenye nakala yako. Na ukiwa na nafasi, angalia taarifa yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Asilimia 5 inayokatwa kwako na asilimia 10 anayoongeza mwajiri hupigiwa hesabu kwa mshahara uliolipwa, kwa hiyo saa zinapopungua, akiba ya uzeeni nayo inapungua kimyakimya.

Mpanga Zamu amejibu:

Nimesita kuandika kwa sababu najua nitatukanwa. Mimi ndiye ninayetuma ujumbe wa saa sita usiku, si kwa huyu ndugu bali kwa wengine kama yeye.

Ratiba haibadiliki kwa sababu mtu amelala vibaya. Mizigo mingi tunayogawa Kampala inaingia kwa barabara kupitia Malaba na Busia. Lori likikwama mpakani, mimi huku sina cha kugawa asubuhi, na dereva hunipigia simu usiku akishajua kwamba hatafika. Nikiita watu kumi na watano saa moja, wote watalipwa kwa kukaa, na mkurugenzi ataniuliza mimi. Upande wa pili, maduka yanayouza kwa intaneti yanatuma vifurushi vingi karibu na mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamepata mshahara, kisha katikati ya mwezi kunapooza. Kampuni iliyoajiri kwa kipimo cha Desemba inajikuta na watu wengi mno mwezi wa tano, na badala ya kupunguza watu inapunguza saa za kila mmoja. Kwa maoni yangu hilo ni afadhali, ingawa naelewa kwamba anayelipa mkopo halioni hivyo.

Nakiri mambo mawili hata hivyo. Kazi zinapokuwa chache, wanaoitwa kwanza ni wale wanaojibu ujumbe upesi na wasiobishana, na hilo si haki. Na neno "usiende mbali" tunalitumia kwa sababu halitugharimu kitu. Siku ambayo kampuni ingelazimika kulipa hata saa mbili kwa kila aliyezuiwa, nakuhakikishieni ningejua mapema lori liko wapi.

Mzee wa Kireka amejibu:

Asante kwa ukweli wako, Mpanga Zamu. Lakini lori likikwama Malaba hasara yake ni ya biashara yenu. Mbona inalipwa na kijana wa Seeta kwa mafuta yake?

Dada wa Ntinda amejibu:

Mimi napeleka chakula kwa programu ya simu, na huku hatuna ratiba kabisa. Naongeza tu kwamba asije mtu akakushauri uhamie huku ukidhani utapumzika. Huku unaambiwa wewe ni mshirika wao wala si mwajiriwa, kwa hiyo hayo yote aliyoyaeleza Karani ni vigumu kuyadai. Saa zinapunguzwa hata hapa, ila hakuna anayekuambia: unawasha simu, unakaa Kisementi hadi betri inaisha, na oda haziji. Shika karatasi yako hiyo.

Kuhusu mkopo, zungumza nao kabla hujakosa malipo ya pili. Mimi nilikwenda na daftari la mapato yangu ya wiki sita, nikaomba nilipe 50,000 kwa miezi miwili na muda usogezwe mbele. Walikubali. Waliokaa kimya pikipiki zao zilichukuliwa barabarani.

Pikipiki ya Seeta amejibu:

Nawashukuru wote, na Mpanga Zamu pia, kwa kuwa sikuwa najua habari za lori kwa undani huo. Hakuna aliyewahi kutueleza.

Nimeisoma karatasi. Ukurasa wa pili unasema kampuni inaweza kubadilisha "muda wa kuanza na kumaliza", lakini hausemi lolote kuhusu kupunguza saa. Tulikutana watano siku ya Jumapili, tukaandika barua moja tukaitia sahihi sote. Tumeomba mambo matatu tu: ratiba ya kesho ijulikane kabla ya saa kumi na mbili jioni, anayezuiwa ghalani alipwe tangu alipofika, na saa zinapopungua zigawanywe kwa zamu ili wasiwe walewale kila wiki. Meneja alikasirika kidogo alipoona sahihi tano, kisha akaipiga muhuri nakala yetu.

Tangu hapo ujumbe wa usiku umetulia, na wiki hii nimepata saa 33, yaani shilingi 82,500. Bado ni pungufu ya nilichoahidiwa. Suala la kulipwa kwa kusubiri amesema atalijibu Ijumaa, baada ya kuzungumza na mkurugenzi. Mama wa chai nimemuuliza kama atakuwa tayari kueleza alichokiona, naye amesema yeye anakumbuka vizuri sana, kwa sababu siku ile nilikunywa vikombe vitatu na bado sijamlipa hata kimoja.

Karani Mstaafu amejibu:

Mlipe kikombe chake kwanza. Na Ijumaa, jibu lolote watakalotoa, ombeni liwe kwa maandishi.