Naomba ushauri: ninunue PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony) sasa au nisubiri mrithi wake?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina chumba cha gemu hapa Kisauni na bado natumia PS4. Wateja wangu wengi ni vijana wa mpira, na gemu yao ya mpira, FC 26, imetoka hata kwa PS4, kwa hivyo kazi ipo. Lakini wameshaanza kuniulizia gemu ya GTA VI, na hiyo imetangazwa kwa PS5 na mashine za Xbox Series za Microsoft pekee.

Kinachonitatiza ni hesabu ya miaka. PS3 ilitoka 2006, PS4 2013, PS5 2020. Kwa mwendo huo mrithi angefika karibu na 2027. Naogopa kutoa pesa nyingi halafu mpya itangazwe. Ila mashine ikipendwa haizikwi upesi: PS2 ya mwaka 2000 iliendelea kutengenezwa mpaka mwishoni mwa 2012, PS3 ikiwa tayari sokoni. Nintendo, washindani wa Sony, nao waliiachia mashine yao ya Switch itambe tangu 2017, wakaleta Switch 2 Juni 2025. Mimi naona PS5 bado ina maisha marefu.

Pesa yenyewe ni mkopo wa chama alichomo mamangu, na sitaki aje kuaibika mbele ya wenzake.

Nyinyi wenye vyumba vya gemu, mlihama lini kutoka PS3 kwenda PS4? Mlingoja bei ishuke? Na PS5 ya mtumba, kwa joto na hewa hii ya chumvi ya Pwani, inahimili kuwashwa kutwa nzima?