Naomba ushauri: albamu yetu ya kwanza ni mali ya nani?

Ndugu wanachama, sisi ni bendi ya roki ya vijana wanne wa Kisumu, na tumemaliza kurekodi nyimbo tisa za albamu yetu ya kwanza katika studio moja ya hapa mjini, bila mkataba wa maandishi, kosa ambalo ninalikiri. Sasa prodyuza, ambaye tulimlipa ada yote, anakataa kutukabidhi rekodi hadi tumkubali kuwa mmiliki wa nusu. Ninafahamu kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hailazimishi usajili ili kazi ilindwe, ila haki ya mtunzi wa wimbo na haki ya rekodi yenyewe ni mambo mawili. Je, tuanze kwa kusajili nyimbo katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, au tuketi naye kwanza tuandikiane? Jumbe za M-Pesa za malipo tumezihifadhi.