Haiba ya mji mdogo hutoka wapi hasa?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeombwa kutoa maoni kuhusu mpango wa kuupendezesha mji mmoja mdogo wa kale. Mpango wenyewe unataja nguzo za taa zenye umbo la zamani, vyungu vya maua, rangi mpya kwenye kuta zote zinazotazama barabara kuu, na bango kubwa la kuwakaribisha wageni. Nimeusoma mara tatu na bado moyo haujaridhika, kwa sababu nimepita katika miji yenye vitu vyote hivyo isinivutie hata kidogo, na nimewahi kushinda kutwa nzima katika mji usio na hata kimoja, nikaondoka shingo upande. Miji miwili inaweza kulingana kwa umri, ukubwa na mandhari, lakini mmoja ukakufanya upunguze mwendo bila mwenyewe kujua, na mwingine ukaupita bila kukumbuka chochote. Naomba wenye ujuzi wa mipango miji, ujenzi au historia wanisaidie: haiba hiyo hutoka wapi, na je, inaweza kutengenezwa kwa makusudi?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, kwa sisi wa fani ya usanifu, jibu huanzia miguuni. Miji unayoizungumzia ilijengwa kwa ajili ya mtu anayetembea, na mtembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo jicho hudai kitu kipya kila baada ya hatua chache: mlango, dirisha, ngazi, kona inayoficha kilicho mbele. Msanifu Jan Gehl wa Denmaki, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotumia barabara na viwanja, amesisitiza sana jambo hili, kwamba nyumba nyembamba zilizopangana, kila moja na mlango wake, humshika mpita njia kuliko ukuta mmoja mrefu usio na kitu, hata kama ukuta huo umejengwa kwa gharama kubwa. Anatukumbusha pia kwamba hisia katika uso wa mtu husomeka vizuri akiwa karibu, ndani ya mita 25 hivi. Katika uchochoro wa kale huwezi kupishana na mtu bila kumwona kama mtu.

Viwanja vya kati navyo vina siri yake. Camillo Sitte, msanifu wa Austria, alieleza mwaka 1889 kwamba viwanja vingi vya kale huonekana kama vyumba visivyo na paa kwa sababu barabara huingia kwa kupishana, kila moja kwenye pembe yake, hivi kwamba ukisimama katikati macho yako hayapati mwanya wa kutorokea. Barabara pana ikikata uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, chumba hicho huvunjika, na hakuna chungu cha maua kitakachokiunga tena.

Kuhusu rangi, naomba sana kamati isubiri. Kabla ya reli, kusafirisha mawe mbali kulikuwa mzigo usiobebeka, kwa hiyo waashi walijenga kwa jiwe lililochimbwa jirani. Collonges-la-Rouge nchini Ufaransa ni kijiji chekundu kwa sababu jiwe la mchanga la pale ni jekundu, wala hakuna aliyekaa kikao kuchagua rangi hiyo. Kuta zinafanana kwa asili yake, lakini hakuna mbili zilizo sawa, kwa kuwa kila moja ina mkono wa fundi wake. Ukizipaka rangi zote kwa siku moja, umefuta vyote viwili, mfanano na tofauti.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, ila naongeza upande wa historia, ambao wakati mwingine unauma. Miji mingi tunayoisifu ilihifadhiwa na umaskini. Rothenburg ob der Tauber nchini Ujerumani ulikuwa mji wenye nguvu, ukadhoofika katika Vita vya Miaka Thelathini vilivyoisha mwaka 1648, kisha ukakosa fedha za kubomoa na kujenga upya huku miji mingine ikijibadilisha. Tunachokiita haiba leo, wakazi wa wakati ule walikiona kuwa ni kuachwa nyuma.

Kwa swali lako la pili, mji huohuo una jibu. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya upande wake wa mashariki. Ilijengwa upya kwa kufuata mistari ya barabara na kimo cha nyumba za awali, na leo mgeni hupita pale bila kutambua ameingia katika majengo mapya. Ukutembea juu ya ukuta wa mji utaona vibao vidogo vya mawe vyenye majina ya watu kutoka nchi mbalimbali waliochangia ukarabati wake. Kwa hiyo umri peke yake sio haiba. Vipimo vikiheshimiwa, hata jengo la jana linaweza kukaa vizuri kati ya wazee wake.

Mchangiaji wa tatu

Wenzangu wamesema kweli kuhusu mawe, lakini naona tumewasahau watu. Hallstatt, kando ya ziwa huko Austria, una wakazi wasiofika 800, na kuna siku hupokea wageni wapatao 10,000. Mwaka 2012 nakala ya mji huo ilifunguliwa katika jimbo la Guangdong nchini China. Mwaka 2023 ukuta wa mbao ulisimamishwa Hallstatt kwenyewe kuziba mahali ambapo watu hurundikana kupiga picha, kisha ukaondolewa baada ya malalamiko. Nawaza sana juu ya mbao zile: watu wanaoishi katika mandhari inayotamaniwa na dunia nzima, nao wakatamani kuifunika.

Kilichonishika mimi katika mji mmoja mdogo kilikuwa kizingiti cha mlango, jiwe lililolika katikati kama bakuli kwa sababu ya nyayo za watu waliotoka na kurudi kila siku kwa vizazi. Mlango ulikuwa wazi, na mzee mmoja alikuwa amepiga goti akibadilisha bawaba huku akijibu salamu za kila apitaye. Hakuwa akimwonyesha mtu yeyote kitu. Nyumba ile ikigeuzwa ya kulaza wageni wa siku mbili, jiwe litabaki, lakini nyayo zitakuwa za watu wasiojuana. Ningeiuliza kamati: nani anaishi ghorofa ya juu ya maduka? Mtu anaweza kununua misumari, kutengenezewa kiatu na kumpeleka mtoto shule bila kutoka nje ya mji?

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru kwa dhati. Kabla ya kikao kijacho nitaitembea barabara kuu kwa miguu, nihesabu milango inayofunguliwa na iliyofungwa kwa kufuli, kisha nipeleke hesabu hiyo mezani pamoja na ombi la kusitisha rangi. Mchangiaji wa tatu, swali lako kuhusu ghorofa za juu limenikamata, kwani sikumbuki kuona taa kule juu nyakati za usiku. Nitarudi na jibu.