Ameweka KIKOMBE CHA CHAI juu ya karatasi ya jeshi ya babu yangu!!!

MjukuuWaKeya
Wakuu naandika nikiwa bado natetemeka, msinisahihishe herufi. Mnamjua. Simtaji, ana mawakili wengi kuliko ng'ombe na ng'ombe wenyewe hawahesabiki. Yule wa shamba kubwa, wa kofia, anayekuja kwa mazishi na spika zake mwenyewe.

Leo asubuhi tumeenda kwake watu watano kumwomba kitu kidogo tu, atufungulie njia ya ng'ombe kwenda mtoni aliyoiziba na seng'enge. Mimi nikabeba bahasha ya babu, ile karatasi ya kutoka Keya, jeshi la mkoloni la King's African Rifles, na medali yake, nikidhani mtu akiona mzee alikuwa Burma 1944 ataona haya kidogo. Nikaitandaza mezani. Akaiangalia vile mtu anaangalia bili ya hoteli. Halafu AKAWEKA KIKOMBE JUU YAKE. Kimejaa. Kinavuja.

Na si popote tu, ni pale pale palipoandikwa tabia ya askari. Babu amepita Burma yote bila doa, leo ana doa la mviringo.

Alafu anasema, "Serikali iliwasaidia wale waliojisaidia." Jamani! Tulijisaidia wapi? Hilo shamba baba yake alinunua kwa mzungu, na mzungu wa kwanza alilipata kwa BAHATI NASIBU! 1919 vita vya Jerumani vimeisha tu, askari wazungu wamekaa Theatre Royal pale Nairobi wanachomoa namba kama watu wa tombola, na London vilevile, namba yako ikitoka unaondoka na shamba. Kuna waliopewa ekari 160 bure, wengine makubwa zaidi walipe polepole miaka 30. Na ardhi nyingine ilimegwa hapa hapa Nandi, watu wakaambiwa wahame. Baba ya babu yangu alikuwa Kariakor, yaani Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza, amebeba maboksi ya hao hao kichwani mpaka Tanganyika, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi ni kwa njaa na kuhara. Hao ndio waliojisaidia mheshimiwa! Walijisaidia mpaka wakafa! Yeye akarudi mzima, akapewa kipande, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Vita vya Hitler kadhalika. Askari wazungu wakaundiwa bodi ya kuwatafutia mashamba na mikopo, wakafundishwa ukulima Egerton pale Njoro. Babu akapewa visenti vya kumuaga na koti. Hata kahawa, sehemu nyingi mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kupanda. Sasa ajisaidie na nini, koti?

KIKOMBE WAKUU. JUU YA TABIA.

Ng'ombe_Tatu
Hapo kwa kuhara nimecheka na nimeona aibu kucheka. Lakini mkuu wewe nawe, unatembeaje na karatasi orijino ya 1946 bila hata plastiki? Kulaminisha ni bei ya chapati mbili.

Buda_Pole
Swali moja tu. Hiyo chai na wewe ulikunywa?

MjukuuWaKeya
Nilikunywa kidogo. Haihusiani.

Buda_Pole
ALIKUNYWA 😂😂😂 na mkate?

MjukuuWaKeya
Mandazi. Tafadhali turudi kwa mada.

Mwalimu_Chaki
Kijana pole. Kuhusu kujisaidia, mwambie asome habari za Kericho. Maafisa wa Kiingereza walioumia vitani walipewa pale ekari 25,000 walime kitani, kile cha kutengeneza nguo, wengine mkono mmoja, wengine hawajawahi kushika jembe. Bei ya kitani ikaporomoka 1920 hivi, mradi ukafa, baadaye kampuni za majani ya chai zikachukua ardhi. Kwa hiyo wamesaidiwa na bado wakashindwa kujisaidia. Na hiyo chai iliyomwagika huenda imetoka huko huko.

Buda_Pole
Kumbe kikombe kimefanya ziara ya kihistoria.

MtuWaKongwa
Wakenya mna nafuu aisee. Sisi Tanganyika 1947 tuliletewa mradi wa karanga hapa Kongwa, vijana waliotoka jeshini Uingereza wakaja na matrekta mengine yametengenezwa kwa vifaru, VIFARU jamani, kupambana na mbuyu. Udongo wetu ukikauka ni sementi. 1951 wakafunga, pauni zaidi ya milioni 30 zimeliwa na vumbi. Askari wetu wa Keya waliorudi hawakupewa hata kopo la karanga za kukaanga. Wapagazi wetu ndio wamebaki na jina, Kariakoo ya Dar, na siku hizi hata pa kuegesha pikipiki hapo hupati.

Ng'ombe_Tatu
Usitaje Kariakoo, nilinunua simu hapo mwaka jana nikafungua boksi nikakuta sabuni.

MtuWaKongwa
Ya kipande au ya unga?

Mstaafu07
Mnalilia ya 1919 na sisi tuliotoka jeshini juzi mafaili yetu yamelala ofisi moja, kila nikienda naambiwa mwenye ufunguo yuko likizo. Huyo mtu ana likizo ndefu kuliko utumishi wangu.

MjukuuWaKeya
Jamani kikombe. Mnasahau kikombe. Nimejaribu kufuta na kitambaa doa limeenea limefika kwa namba ya babu.

Ng'ombe_Tatu
USIFUTE. Weka kivulini ikauke. Unaua ushahidi mwenyewe.

Mama_Twini
Poleni wote, lakini kama tunaongea msaada wa serikali kwa shamba mimi nina yangu. Mbolea ya bei nafuu. Nimepanga laini tangu saa kumi usiku, meseji ya kuchukua ninayo, nafika mbele naambiwa imebaki ya kukuzia na mahindi yangu hata hayajaota!

Mstaafu07
Laini ya wapi hiyo? Kwetu hata ya kukuzia haijafika.

Mama_Twini
Nikaomba sana nikapewa mifuko miwili ya kupandia. Nimefungua nyumbani, imeganda kama tofali.

MjukuuWaKeya
Wakuu?

Ng'ombe_Tatu
Mama Twini igonge na mchi ikiwa bado ndani ya gunia, usiimwage chini.

Mama_Twini
Mchi umevunjika.