Vidonge vitatu vya Mama

Kundi la familia kwenye simu

ALHAMISI JIONI

Da Mkubwa (Leicester): Assalam alaykum. Nimepita kwa Mama kumpelekea mkate wa ufuta, nikafungua kasha lake la dawa ya presha. Vimebaki vidonge vitatu. Kesho Ijumaa Kuu, Jumatatu nayo sikukuu. Kwa daktari hapafunguliwi mpaka Jumanne.

Kaka (Birmingham): Waalaykum salaam. Vitatu? Hajaagiza ripiti, zile za kuendelea?

Da Mkubwa: Ndiyo namuuliza. Anasema "zipo, zipo".

Mama Mdogo (Unguja): Jamani, si aende dukani akanunue? Mimi hapa Darajani naonyesha pakiti ya zamani, napewa, narudi zangu.

Kaka: Shikamoo Mama Mdogo. Huku Uingereza dawa ya presha huuziwi bila cheti cha daktari, hata uwe na pesa mkononi. Unaagiza kwa daktari wako, akikubali cheti kinakwenda kwa kompyuta mpaka duka la dawa ulilochagua. Kwa daktari peke yake ni kama siku mbili za kazi, halafu duka nalo linataka muda wake wa kuandaa. Wikiendi na sikukuu hazihesabiwi.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Basi kuna jirani anasafiri Jumamosi, nimpe zangu kidogo? Si ileile amlodipini.

Kitinda (Glasgow): Ahsante Mama Mdogo, lakini usimpe. Yako ni ya miligramu 10, ya Mama ni 5. Na wewe utabaki na nini?

Da Mkubwa: Ngojeni kwanza. Kasha hili nililichukua mimi mwenyewe, tarehe ipo kwenye lebo, leo wiki tano kamili. Lina vidonge 28, kimoja kila siku. Lilitakiwa liishe wiki nzima nyuma. Mama, hivi vitatu vimetoka wapi?

Kaka: Mama?

Kitinda: Mama upo?

Mama: Nipo. Naruka siku. Nikiamka najisikia mzima, sinywi, nakiweka cha kesho.

Da Mkubwa: Kwa nini lakini?

Mama: Ilikuja barua, nikaona dawa zimekatwa. Wewe unatoka zamu ya usiku macho mekundu, nikuongezee na hili? Nikasema nitavivutavuta, vitafika.

Da Mkubwa: Barua nimeiona. Ilikuwa nyuma ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne. Haisemi zimekatwa. Inasema muda wa kupitia dawa zake umefika, aende akapimwe presha na damu ndipo waendelee kumwandikia. Tarehe imepita, ndiyo maana kwenye ile programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, dawa haikubali kuagizwa. Nimekaa jikoni kwake nalia, nasema kweli. Nimempima presha, iko juu, 168 kwa 96.

Kaka: Usilie dada. Kichwa kinamuuma? Kifua? Macho yanaona vizuri?

Da Mkubwa: Hana lolote. Cha leo amekinywa mbele yangu.

Kaka: Alhamdulillah. Basi kesho asubuhi ingia 111, ile huduma ya msaada wa afya ya NHS, kwenye mtandao, au upige. Sema dawa ya kila siku inakwisha na daktari amefunga. Watakuelekeza duka la dawa lililo wazi. Mfamasia akiridhika kwamba ni dawa anayoitumia kweli, ana ruhusa ya kumpa kidogo za kumvusha. Beba lile kasha lenye lebo. Nenda na Mama mwenyewe, na hilo la kuruka siku msilifiche.

Kitinda: Mama, hakuna hata mmoja wetu anayechoka na wewe. Hata saa 8 usiku nipigie.

Mama: Haya baba.

IJUMAA

Da Mkubwa: Tumepata! Mfamasia kijana hivi, hakuniuliza mimi, alimgeukia Mama, akamuuliza polepole anakunywaje. Mama akamwambia yote, hata la kuzibania. Kampa za wiki moja. Hajalipa kitu, amevuka miaka 60.

Wifi (mke wa Kaka): Alhamdulillah. Mimi dawa ya tezi ya shingoni nalipa paundi 9.90 kila nikienda kuchukua.

Kitinda: Wifi, unalipa? Ni ile levothairoksini, ya tezi iliyolegea?

Wifi: Ndiyo, ya maisha.

Kitinda: Basi hutakiwi kulipa hata senti. Kawaombe mapokezi fomu FP92A, ujaze, kwa daktari wasaini. Cheti cha kusamehewa malipo unakaa nacho miaka 5, na dawa zako zote unazoandikiwa na NHS zinakuwa bure, si ya tezi peke yake. Kikiisha ni juu yako kukiomba tena, usisahau. Huku Uskoti sote hatulipi tangu 2011, kwa hiyo nilidhani unajua.

Wifi: Miaka mitatu nalipa na hakuna aliyenifungua macho! Jumanne niko mlangoni kwao.

JUMANNE

Da Mkubwa: Saa 2 kamili asubuhi nilikuwa kwenye simu. Mama ana miadi Alhamisi na muuguzi, presha na damu siku hiyohiyo. Nimechukua na fomu ya kuniruhusu nimwagizie dawa kwenye simu yangu. Wanataka saini yake na vitambulisho vyetu sote wawili.

Mama: Saini nitatia. Lakini simu ninayo. Nifundisheni niagize mwenyewe, wewe uwe wa akiba siku nikiumwa.

Kaka: Naja Jumapili, tutakaa nayo mpaka uizoee. Vikibaki saba ndiyo siku ya kuagiza, usingoje vitatu. Duka lako nalo tutalihakikisha, lisije likawa lile la mtaa wa zamani.

BAADA YA MWEZI

Da Mkubwa: Mama, leo vimebaki vingapi?

Mama: Saba. Nimebonyeza toka alfajiri, baada ya kusali. Imeandika ombi limepokelewa.

Kaka: Mashallah. Umeweka alama kwenye zote?

Mama: Ya presha tu. Ile ya kupaka goti bado nusu tyubu. Nikiagiza nyingine itakaa kabatini, na ikishatoka dukani hata nikiirudisha hawampi mtu, wanaitupa.