Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kuishi kwa lakrosi

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu anamaliza chuo Marekani mwakani. Miaka yote minne amecheza lakrosi (ule mchezo wa fimbo yenye wavu, msichanganye na magongo), ni beki. Sasa anataka kucheza kwa kulipwa, na ameshaanza kukataa usaili wa kazi.

Nimefuatilia kidogo. Premier Lacrosse League, iliyoanza kuchezwa 2019, ni ya uwanja wa wazi, watu 10 kila upande, msimu wa kiangazi. National Lacrosse League ni ya ndani, 6 kwa 6 ukimhesabu kipa, na huanza majira ya baridi. Wapo wanaocheza zote mbili. Lakini hata hao wengi wana kazi nyingine, ukocha hasa, maana mshahara wa uwanjani pekee hautoshi. Hapo ndipo tunapogombana. Yeye jibu lake ni moja tu: Olimpiki ya 2028 Los Angeles!

Nimshauri atafute kwanza kazi inayomwachia wikiendi, au nimwache ajaribu miaka miwili? Na akiumia goti, nani anamtibu? Aliyepitia michezo ya namna hii anisaidie.