Naomba ushauri: maji ya mvua yanatuama kwenye msingi wa nyumba

Wakuu, habari zenu. Ni nyumba ya familia, kiwanja kikubwa kinachoteremka kutoka kwa jirani wa nyuma kuja kwetu. Mvua ikinyesha, maji yanapenya chini ya ukuta wa fensi na kutuama kwenye msingi. Plasta ya chumba cha nyuma inabambuka, chumvi nyeupe imepanda sentimita 40 juu ya sakafu. Kupaka rangi upya ni kupoteza hela tu, unyevu unatoka chini.

Nafikiria mtaro wa kokoto mita 2 kutoka ukutani (ukiwa karibu sana na ukuta unaweza kulegeza msingi), kina sentimita 50, mteremko sentimita 1 kwa kila mita. Ndani bomba la inchi 4, matundu yatazame chini, lizungushiwe kitambaa cha kuchuja udongo usilizibe.

Udongo ni mfinyanzi, kwa hiyo shimo la kunyonya maji litajaa na kubaki limejaa. Mtaro wa barabarani uko mita 35: mwishoni bomba litakuwa limeshuka sentimita 35 zaidi. Je, niongeze chemba katikati ya kuzibulia?

Na fensi: nikiiziba chini kabisa, maji yatarudi kwa jirani au yatausukuma ukuta uanguke. Matundu ya kupitishia maji niyaache kila baada ya mita ngapi?